Haki ya Kufunga Lalamiko

Kila kazi ya mikono ya binadamu ina makao mawili. Kwanza hukaa kwa aliyeifanya. Kisha hukaa kwa anayeitumia. Aliyeifanya huijua kwa nia yake, na anayeitumia huijua kwa taabu yake. Ni mara chache kasoro ya kitu kuonekana mahali pale kilipotengenezwa, kwa sababu fundi huijaribu kazi yake kwa upole wa mzazi, lakini dunia huijaribu kwa ukali wa haja. Kwa hiyo lalamiko huzaliwa mbali na mkono unaoweza kuliondoa. Kati ya vitu hivi viwili, lalamiko na marekebisho, ipo njia ambayo haina budi kupitwa. Na namna njia hiyo inavyotengenezwa ni jambo la uadilifu kabla ya kuwa jambo la ufundi. Swali linalochunguzwa hapa ni dogo kwa maneno, kubwa kwa matokeo: lalamiko likiisha kufika kwa fundi, naye akaishughulikia kazi yake upya, ni nani mwenye haki ya kusema kwamba limekwisha?

Ikombe, katika Wilaya ya Kyela, ni mahali pafaapo kuanzia uchunguzi huu. Kata hiyo iko pwani ya Ziwa Nyasa, pembe ya kaskazini mashariki, pale Milima ya Livingstone inaposhuka ghafula mpaka majini na kuacha ukanda mwembamba tu wa ardhi kwa nyumba na mashamba. Wakisi wanaokaa katika pwani hiyo wamejulikana tangu zamani kwa vyungu vyao. Wanawake huvifinyanga kwa mikono bila gurudumu, huvipamba, na kuvichoma kwa moto wa wazi. Kisha vyungu hupakiwa mitumbwini vikapelekwa Matema, ambako soko la Jumamosi huwakutanisha wafinyanzi na wanunuzi. Na kutoka hapo huingia katika nchi ya Wanyakyusa na kusambaa. Zamani, kwa kuwa ardhi ya kulima ilikuwa haba, chungu kilibadilishwa kwa chakula. Udongo ulivuka maji ukarudi kuwa ndizi na nafaka. Riziki ya pwani nzima ilitegemea kwamba chungu kilichofinyangwa upande mmoja kingestahimili moto wa upande wa pili.

Na uchukuliwe mfano wa mwanamke wa Kyela aliyenunua chungu cha Ikombe. Siku ya tatu, chakula kikiwa motoni, chungu kinapasuka na mchuzi unamwagika jivuni. Mwanamke huyu ana lalamiko, na lalamiko lake ni la haki. Lakini mfinyanzi yuko ng'ambo ya maji, na upepo wa mwera ukivuma kutoka kusini mtumbwi hausafiri. Anamweleza mchuuzi sokoni. Mchuuzi anamweleza mwenye mtumbwi. Mwenye mtumbwi, akifika Ikombe baada ya siku kadhaa, anasema tu kwamba kuna chungu kilipasuka. Katika safari hiyo mambo mengi yamezama ziwani: chungu kilikuwa cha umbo gani, kilichomwa lini, kilipasuka kitakoni au shingoni, kiliwekwa motoni kikiwa na maji au kikavu. Mfinyanzi mwema hatadharau habari hiyo. Ataongeza siku za kukausha, atauangalia udongo wake kwa makini zaidi, na Jumamosi ifuatayo atapeleka chungu bora. Moyoni mwake neno limekwisha. Lakini je, limekwisha? Mwanamke wa Kyela bado hajapika.

Huenda mtu akadhani kwamba mambo haya ya mtumbwi na udongo yamepitwa na wakati, na kwamba ufundi wa zama hizi umeyafuta. Sivyo hata kidogo. Kazi mojawapo iliyo mpya kuliko nyingi, yaani kutunga programu za kompyuta, imejikuta katika shida ile ile ya Ikombe, ila maji yake ni mapana zaidi na mitumbwi yake haionekani. Mtungaji wa programu anaweza kuwa katika bara moja na mtumiaji katika bara jingine. Hawajuani kwa jina, hawasemi lugha moja, wala hawana soko la Jumamosi la kuwakutanisha. Kwa sababu hiyo watu wa kazi hiyo walilazimika kufikiri sana juu ya njia ya lalamiko, na yale waliyoyabuni yanastahili kuangaliwa na wale wanaojishughulisha na maadili, si na mafundi peke yao.

Programu ni maandiko. Hutungwa kwa mistari ya maagizo ambayo kompyuta huyatii, na maandiko hayo huitwa msimbo. Msimbo hutunzwa katika ghala linalokumbuka kila badiliko: aliyebadili ni nani, alibadili lini, aligusa mstari upi, na alitoa maelezo gani. Chombo kilichoenea kuliko vyote kwa kutunza kumbukumbu hizo ni Git, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Na miongoni mwa nyumba zinazopokea maghala ya namna hii katika intaneti ni GitHub, iliyofunguliwa mwaka 2008, na GitLab, iliyoanza mwaka 2011. Hiyo ndiyo karakana ya fundi. Malalamiko nayo yana kitabu chake, kinachoweza kuitwa daftari la kasoro. Bugzilla, daftari la watu wa Mozilla, lilitokea mwaka 1998. Jira, la kampuni ya Atlassian ya Australia, mwaka 2002. Katika daftari kila lalamiko hupewa namba, nalo huitwa tiketi. Huandikwa lililoharibika, aliyeliona, aliyepewa kazi ya kulitazama, na hali yake: limefunguliwa, linashughulikiwa, limefungwa.

Nyumba za msimbo zina daftari lao la ndani, tayari kwa kila mradi. Walakini miradi mingi hupendelea daftari la nje, na sababu zake si za ukaidi. Aghalabu daftari lilikuwako kabla ya ghala, nalo limejaa kumbukumbu za miaka. Pengine daftari moja hutumikia maghala mengi. Tena wako watu wenye haki ya kulalamika ambao hawatungi programu wala hawana haja ya kuingia karakanani: waganga, wahasibu, makarani, wasimamizi. Mfano wa karibu na Afrika ya Mashariki ni OpenMRS, mfumo huria wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Ulianza kubuniwa mwaka 2004, na chimbuko lake lilikuwa katika ushirikiano wa wataalamu wa Marekani na wenzao wa Eldoret, Kenya. Mwaka 2006 ukaanza kutumika Eldoret, na baadaye ukawa msingi wa mifumo ya KenyaEMR na UgandaEMR. Msimbo wake uliwekwa GitHub, lakini malalamiko yake kwa miaka mingi yaliandikwa katika Jira. Anayeleta badiliko katika kiini cha mfumo huo amezoezwa kuanza kichwa cha badiliko lake kwa neno TRUNK, kistari, na namba ya tiketi.

Namba hiyo ndiyo mtumbwi. Kuunganisha ghala na daftari la nje si kazi kubwa ya mikono. Mwenye mradi huiambia nyumba ya msimbo mahali daftari lilipo na umbo la anwani ya kila tiketi. Kisha popote fundi aandikapo namba ya tiketi katika maelezo ya badiliko, namba ile hugeuka kuwa njia, na msomaji akiigusa hupelekwa penye lalamiko lenyewe. Muungano wa namna hii huenda upande mmoja tu: ghala lajua habari za daftari, daftari halijui habari za ghala. Uko muungano wa pili ulio mkamilifu zaidi, ambao ghala likitaja tiketi, daftari nalo huandikiwa kwamba tiketi yake imetajwa, na fulani, katika badiliko fulani. Hapo anayelalamika anaweza kuona kwamba sauti yake imefika karakanani. Uko na muungano wa tatu, nao ndio wenye utata. Fundi akiandika neno la Kiingereza lenye maana ya kwamba badiliko hili linafunga tiketi ile, basi badiliko likiisha kupokelewa katika tawi kuu la msimbo, tiketi hujifunga yenyewe. Hapana mtu aliyeulizwa.

Kabla ya kufika kwenye utata huo, ni haki kuutaja wema wa muungano. Mstari wa msimbo usiofungamanishwa na lalamiko lolote ni kama sheria ambayo sababu yake imesahauliwa. Anayekuja nyuma huuona, haelewi ulivyofaa, huufuta kwa kudhani ni uchafu, na maradhi ya zamani hurudi. Namba ya tiketi humzuia. Humwambia kwamba hapa mtu aliumia, na mstari huu ni dawa yake. Kwa hiyo muungano ni kumbukumbu, na kumbukumbu ni sehemu ya haki. Lakini kumbukumbu iliyowekwa katika nyumba nyingine hutegemea uhai wa nyumba hiyo. Google Code, iliyotunza miradi pamoja na malalamiko yake, iliacha kupokea mambo mapya mwaka 2015 na kufungwa mwaka 2016. Na miradi ambayo haikuhamisha habari zake kwa uangalifu ilibakiwa na namba katika maandiko yake zisizoelekeza popote, mfano wa makaburi yenye majina bila njia ya kuyafikia. Watu wa lugha ya Python walitenda kwa busara zaidi. Mwaka 2022 walipohamisha malalamiko yao kutoka daftari lao la nje kwenda GitHub, waliliacha daftari la kale lisomeke, na kuhakikisha kuwa namba za kale zinaongoza kwa mpya. Atakayeunganisha leo afikiri na siku ya kutengana.

Sasa na utazamwe ule muungano wa tatu. Na achukuliwe muuguzi wa zahanati, naye ni mfano tu, ambaye kila akiandika uzito wa mtoto katika mfumo, tarakimu ya mwisho hupotea. Anamwambia ofisa wa kompyuta wa wilaya. Ofisa anaandika tiketi. Fundi, pengine Nairobi, pengine mbali zaidi, anaisoma, anaona mstari wenye kosa, anaurekebisha, na katika maelezo yake anaandika kwamba badiliko hili linafunga tiketi ile. Msimbo unapokelewa. Tiketi inafungwa. Katika hesabu za mwezi, kasoro moja imepungua, na hesabu hiyo si uongo wa makusudi. Lakini katika zahanati hapana kilichobadilika. Programu mpya haijafika. Itakapofika, yamkini haitapona pale, kwa kuwa kompyuta ya zahanati ni ya kizamani kuliko ile ya fundi. Muuguzi anaandika uzito, na tarakimu inapotea. Akiuliza, anaambiwa kwamba shauri lake limekwisha kufungwa. Zamani alikuwa na shida moja. Sasa anazo mbili: tarakimu inayopotea, na daftari linaloshuhudia kwamba haipotei.

Uzito wa jambo hili umekwisha kuonekana kwa machozi katika nchi ya Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 Shirika la Posta la huko lilieneza mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, ambao kampuni ya Fujitsu iliutunza. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwako, na mawakala wa posta wakadaiwa fedha hizo. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walihukumiwa kwa wizi, udanganyifu na hesabu za uongo. Wako waliofungwa gerezani, wako waliofilisika, na wako waliokufa kabla majina yao hayajasafishwa. Fujitsu ilikuwa na daftari la kasoro zinazojulikana. Kasoro ziliandikwa na kupewa namba, na mafundi walizisoma. Lakini hapana uzi uliounganisha daftari hilo na malalamiko ya mawakala, wengi wao wakaambiwa na waliowapigia simu kwamba ni wao peke yao wenye shida hiyo. Ilipasa watu 555, wakiongozwa na Alan Bates, waende mahakamani, na mwaka 2019 Jaji Fraser akatamka kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu ule. Mwaka 2024 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo.

Katika kisa hicho hapakukosekana daftari, wala hapakukosekana ufundi. Kilichokosekana ni njia kati ya aliyeumia na aliyejua. Aliyeumia hakuweza kuliona daftari, na walioliona hawakuumia. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kisa cha Horizon kinaongeza kwamba aweza mtu kuwajua kunguni kwa hesabu na kwa namba, akawaandika mmoja mmoja kitabuni, na bado akamshitaki mlalaji kuwa amejikuna bure. Elimu ya kasoro bila uhusiano na mwenye kuipata si elimu kamili. Ni siri, na siri juu ya taabu ya mwingine ni mwanzo wa dhuluma.

Walakini mizani haina budi kuwa na sahani mbili. Fundi naye ana haki. Si kila lalamiko ni la kweli, wala si kila lalamiko la kweli lina kosa mahali linaposhitakiwa. Chungu cha Ikombe kikiwekwa motoni kikavu kitapasuka, na mfinyanzi hakukosa. Wako wanaolalamikia chungu kwa sababu hakikuwa ndoo. Zaidi ya hayo, programu nyingi zilizo huria hutungwa na watu wachache, wengine bila malipo, ambao kila asubuhi huamka wakakuta malalamiko mapya mlangoni. Wakiambiwa kwamba hapana tiketi itakayofungwa mpaka kila mlalamikaji aridhike, daftari litafurika hata lisisomeke, na lalamiko la kweli litazama chini ya malalamiko ya kivivu. Mlalamikaji wa kudumu aweza kumtawala fundi kama mdai asiyetoa stakabadhi. Kwa hiyo jibu rahisi, kwamba aliyeumia peke yake ndiye mwamuzi, halitoshi. Linahamisha udhalimu kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Njia ya kati haihitaji kutafutwa mbali, maana taratibu za serikali ya Tanzania zinayo mfano wake. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye kazi yake imewekwa na Ibara ya 143 ya Katiba ya mwaka 1977, akiona dosari katika hesabu za idara huandika hoja. Idara hujibu hoja, huleta vielelezo, hueleza ilivyorekebisha. Lakini idara haiifungi hoja yake yenyewe. Mkaguzi huhakiki majibu, na katika taarifa zake hutenga mapendekezo yaliyotekelezwa, yanayoendelea kutekelezwa, yasiyotekelezwa, na yaliyopitwa na wakati. Neno la idara linasikilizwa, wala halidharauliwi. Ila kusema "tumetenda" ni jambo moja, na kusema "imethibitika" ni jambo jingine, na vinywa vinavyosema maneno hayo ni viwili. Tena ile sehemu ya nne, ya mambo yaliyopitwa na wakati, ni ya unyofu mkubwa. Inakiri kwamba yako mashauri yanayokwisha bila kuponywa, nayo hayapewi jina la yaliyoponywa.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lililoulizwa mwanzoni. Lalamiko lina miisho miwili, na kila mwisho una mwenyewe. Mwisho wa kwanza ni wa fundi, nao husema: nimetengeneza. Hapana awezaye kuutamka badala yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyegusa mstari. Mwisho wa pili ni wa aliyeumia, au wa mtu wa tatu aliyekwenda kutazama kwa niaba yake, nao husema: imepona. Fundi hana haki ya kuutamka, hata awe mwaminifu namna gani, maana hajui. Kosa la muungano unaofunga tiketi wenyewe si kwamba unatumia mashine. Kosa lake ni kwamba unachukua neno la kwanza na kulivika vazi la neno la pili. Ghala la msimbo linaweza kushuhudia jambo moja tu, kwamba msimbo umebadilika; haliwezi kushuhudia kwamba uzito wa mtoto umeandikwa sawasawa. Shahidi asitakiwe kusema asiloliona. Miradi yenye busara huwa na hali ya katikati katika daftari lake: tiketi iliyotengenezwa inangoja kuthibitishwa. Neno la fundi huipeleka hapo, wala haliipeleki mbele zaidi.

Liko neno moja zaidi la kusemwa juu ya kunyamaza. Katika miradi mingi umeingia mtindo wa kufunga tiketi kwa uzee: ikipita muda bila mtu kusema neno, mashine huandika kwamba lalamiko limekaa kimya, nalo hufungwa. Wanaoutetea mtindo huu husema kwamba aliye na shida ya kweli atarudi. Ikombe inajibu hoja hii vizuri kuliko kitabu. Yule mwanamke wa Kyela, asipoonekana tena sokoni Matema, mfinyanzi anaweza kujiambia kwamba ameridhika na chungu cha pili. Yamkini ni kweli. Lakini yamkini amenunua sufuria. Kunyamaza kwake kuna maana mbili zilizo kinyume, na kwa mbali zinalingana. Aliyeridhika hunyamaza, aliyekata tamaa hunyamaza pia, na huyu wa pili hanyamazi kwa sababu jambo limekwisha, bali kwa sababu amekoma kuamini kwamba upo mkono wa kulimaliza. Daftari linalohesabu kimya kuwa shukrani litaonyesha ushindi kila mwaka mpaka mwaka ambao hapana mnunuzi.

Wala asisahauliwe mchukuzi. Kati ya muuguzi na fundi yupo ofisa aliyeandika tiketi, kama vile kati ya Kyela na Ikombe yupo mwenye mtumbwi. Daftari la nje lina mlango wake, ambao hufunguliwa kwa jina na neno la siri. Lina lugha yake, ambayo mara nyingi ni Kiingereza. Na lina adabu zake, ambazo mgeni hazijui. Anayeumia aghalabu hawezi kuingia mwenyewe. Kwa hiyo hulazimika kusemewa, na anayemsemea hubeba amana. Akifupisha, anafupisha taabu ya mwingine. Akitafsiri vibaya, fundi atatengeneza jambo lisiloharibika. Na jibu likija, ni wajibu wa mchukuzi yule yule kulirudisha mpaka mlangoni, kwa lugha inayoeleweka. Maana mtumbwi unaopeleka lalamiko na kutorudisha jibu umefanya nusu ya safari. Mradi unaochagua daftari la nje ujiulize, kabla ya kupanga anwani na namba, ni nani watakaobaki nje ya daftari hilo, na ni nani atakayewasemea. Tena ufunge mlango wa daftari la ndani waziwazi na kuelekeza watu kwenye lile jipya. Maana milango miwili inapoachwa wazi na mmoja hauna mwenye kuitikia, wapo watakaobisha hodi usiku kucha penye nyumba tupu.

Hapana shaka wako watakaosema kwamba jambo hili limepewa uzito kupita kiasi, kwamba namba ni namba, na kwamba tiketi iliyofungwa mapema inaweza kufunguliwa tena. Ni kweli inaweza kufunguliwa. Lakini kufungua tena kuna gharama, na gharama hiyo hulipwa na mnyonge. Yeye ndiye atakayetafuta tena mchukuzi, atakayethibitisha kwamba hasemi uongo, atakayeonekana msumbufu mbele ya daftari linalosema kwamba amekwisha kutendewa mema. Fundi aliyefunga kwa haraka ameokoa dakika moja. Aliyeumia amepoteza siku kadhaa na sehemu ya heshima yake. Mahali ambapo kosa la mmoja hulipwa na mwingine, busara ni kumpa haki ya kuamua yule anayelipa, au walau kutomnyima haki ya kuulizwa.

Wanawake wa Ikombe hawana ghala la msimbo wala daftari la nje, lakini wana jambo ambalo muungano wote wa namba unajaribu kuliiga. Vyungu vyao huenda sokoni Matema siku ile ile ya juma na mahali pale pale, na aliyenunua Jumamosi iliyopita anajua pa kuja Jumamosi hii. Anaweza kukirudisha kigae, akakiweka chini mbele ya watu, akaonyesha ufa ulipoanzia. Mfinyanzi anaweza kukigeuza mkononi na kuuliza maji yalikuwa kiasi gani. Huenda wakabishana, huenda wakacheka, na huenda ikathibitika kwamba moto ndio uliokosa na si udongo. Lakini neno la mwisho halitasemwa na mmoja wao hali mwenzake yuko ng'ambo. Litasemwa pale kati yao, kigae kikiwa chini, na atakayelisema ni yule atakayepika jioni.